Mtoto Mnene Si Kuruti

Katika nyumba nyingi za mji wetu wa Kampala, mtoto akinenepa wazazi wake husifiwa. Majirani humbana mashavu kwa furaha, bibi yake humwongezea matoke sahanini, na baba hujiona ametimiza wajibu wake wa kuwalisha watu wake. Sifa hizo hazikuzuka bure. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi UKIMWI ulivyoingia nchini kwa kuikausha miili ya watu, hata wananchi wakaupa ugonjwa huo jina la "Slim" kwa sababu ya wembamba uliokuja nao. Mtu aliyezika ndugu zake wakiwa mifupa mitupu hawezi kulaumiwa akifurahi kumwona mjukuu mwenye nyama mwilini. Wengine walionja njaa ya vita na ya kambi za wakimbizi. Kwao, unene ulikuwa dalili ya amani, na hivyo ndivyo wanavyouona hata leo.

Hata hivyo, kila jambo lina kiasi chake, na uzito wa mtoto nao una kiasi chake. Ukikizidi kiasi hicho, magoti humuuma mapema, pumzi humwishia, usingizi wake huwa wa kukoroma na kushtuka, na magonjwa tuliyodhani ni ya wazee, kama vile kisukari na shinikizo la damu, huanza kumnyemelea angali kijana. Mwezi Septemba 2025, UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia watoto, lilitangaza kwamba kwa mara ya kwanza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 wenye unene wa kupindukia duniani wamewazidi wale wenye uzito pungufu: 9.4 kwa mia dhidi ya 9.2 kwa mia. Ni kweli kwamba Afrika kusini mwa Sahara bado haijafika huko. Katika uchunguzi wa taifa wa mwaka 2016 hapa Uganda, watoto wa chini ya miaka mitano waliodumaa walikuwa 29 kwa mia, na waliozidi uzito walikuwa 4 kwa mia tu. Lakini katika uchunguzi huohuo, miongoni mwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, 24 kwa mia walikuwa wamezidi uzito au wanene kupindukia. Kwa hiyo mama mmoja kati ya wanne anakwisha kuijua njia hii, na watoto wa mjini wanaifuata nyuma yake.

Mimi nilisomea ualimu wa shule za msingi, nikapata cheti, nikafundisha kwa miaka michache kabla ya kuhamia kazi ya ofisini serikalini. Mume wangu ni askari polisi, nasi tunaishi kambini. Majirani zetu bado huniita Mwalimu, na kwa sababu ya jina hilo huniletea maswali ya watoto wao. Swali ninaloletewa mara nyingi siku hizi ni hili: mtoto mnene afanyishwe mazoezi gani? Nina jibu ambalo sikulipata vitabuni peke yake. Nililipata pia kwa kumlea mpwa wangu.

Mtoto huyo wa dada yangu alikuja kukaa nasi mwanzoni mwa mwaka 2022, akiwa na umri wa miaka tisa. Shule zilikuwa zimefungwa mwezi Machi 2020 kwa ajili ya ugonjwa wa korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Sehemu kubwa ya kipindi hicho alikuwa ameipitisha katika vyumba viwili vya kupanga, mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa mama yake alichelea magari na bodaboda za barabarani. Televisheni ilikuwa uwanja wake, na simu ilikuwa mpira wake. Alipofika kwetu alikuwa mzito kuliko mwanangu wa miaka 12. Mwinuko mfupi ulioko kati ya lango la kambi na nyumba yetu aliupanda kwa vituo viwili, mkono kiunoni, akihema.

Watoto wa kambini hawakuchelewa kumpa jina. Walimwita Kifaru, nao hawakuwa na maana ya mnyama, walikuwa na maana ya gari la vita. Yeye alicheka pamoja nao. Lakini kila Ijumaa, siku ya michezo shuleni, aliumwa tumbo. Yeyote aliyewahi kufundisha darasa la nne anayajua maumivu ya tumbo ya namna hiyo. Hayatibiwi kwa dawa ya minyoo.

Tulimpeleka kwanza kwa daktari, na hiyo ndiyo hatua ya kwanza ninayomshauri kila mzazi. Macho ya jirani si mizani. Daktari alimpima uzito na urefu, akavilinganisha na umri wake katika chati, akamsikiliza moyo na mapafu. Alituambia kwamba mtoto hana maradhi, ila uzito wake umeutangulia urefu wake. Asinyimwe chakula, kwa maana bado anakua. Kinachotakiwa ni uzito usiongezeke mbio, ili urefu upate nafasi ya kuufikia. Na kila siku, akasema, mtoto huyu atoke jasho la mchezo.

Habari hizo zilimfikia jirani yetu mmoja, sajini wa makamo mwenye moyo mwema, naye akaja jioni kujitolea.

"Mwalimu," aliniambia, "nikabidhi kijana huyo wiki sita tu. Nitamwamsha saa kumi na moja alfajiri, nitamzungusha uwanja, nitamrusha kichura, kisha nitakurudishia mtu aliyenyooka kama fimbo ya gwaride."

"Ahsante, afande," nilimjibu. "Lakini kuruti wako hujileta mwenyewe. Ni mtu mzima aliyetimiza miaka 18, amekwisha pimwa na daktari, na anajua kwamba akivumilia atavaa sare. Huyu wangu wa miaka tisa, akivumilia, atavaa nini?"

Afande alicheka sana. Alipokwisha kucheka, alinieleza kwa sauti ya chini kwamba binti yake mwenyewe, ambaye alimkimbiza kwa mtindo huo likizo iliyopita, sasa hujificha kila asikiapo filimbi.

Wasomaji wengi wa gazeti hili ni askari au jamaa za askari. Tunayo bahati ambayo raia wengi hawana, yaani katika nyumba zetu yumo mtu anayejua thamani ya mwili uliozoezwa. Lakini ujuzi huo unaweza kumdhuru mtoto ukitumiwa vibaya. Kambini na shuleni, kuruka kichura, kuzunguka uwanja na kupiga magoti juani ni adhabu. Mtoto anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Akiamrishwa kuruka kichura kwa sababu ni mnene, anachojifunza ni kwamba mwili wake ni kosa, na kwamba jasho ni malipo ya kosa hilo. Mtoto wa namna hiyo atatii maadamu baba yupo. Siku baba akihamishiwa Moroto au akipelekwa Somalia kulinda amani, mazoezi nayo yatakuwa yamehama.

Tena tufikirie uzito wenyewe. Mtoto wa kilo 50 anayekimbia kando ya mwenzake wa kilo 30 amebeba kilo 20 za ziada, sawasawa na askari aliyejitwika mkoba wake wa safari. Ni kamanda gani atakayewashindanisha askari mwenye mkoba na asiye na mkoba, kisha amwite wa nyuma mvivu? Watoto wanene wengi si wavivu hata kidogo. Wamechoka mapema kwa kuwa kazi yao ni kubwa zaidi, na wameona haya kwa kuwa wanatazamwa.

Wengine watasema kwamba Mganda hahitaji kufundishwa mazoezi. Wana sababu ya kusema hivyo. Mwezi Septemba 2018, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa nchi 168, na Uganda ikaonekana kuwa nchi yenye watu wazima wachache kabisa wasioushughulisha mwili vya kutosha: 5.5 kwa mia tu, wakati Kuwait ilikuwa na 67 kwa mia. Lakini sifa hiyo tumepewa na jembe, na ndoo ya maji, na miguu inayokwenda sokoni. Mtoto wa Kampala anayepakiwa garini alfajiri, akaketi darasani hadi jioni, akarudi kuketi mbele ya televisheni, hana jembe wala ndoo. Sifa ya nchi haimhusu. Elimu ya viungo imo katika mtaala wa shule zetu za msingi, lakini haimo katika masomo manne yanayotahiniwa mwisho wa darasa la saba, na jambo lisilotahiniwa huwa la kwanza kusukumwa kando. Kwa hiyo kazi inarudi nyumbani.

Sasa nieleze tulivyofanya.

Mwezi wa kwanza tuliacha bodaboda. Shule ilikuwa umbali wa dakika 20 kwa miguu, na mpwa wangu akatembea pamoja na wanangu, mimi au baba yao tukiwa upande wa barabara. Asubuhi walikwenda taratibu. Jioni walirudi wakipanda mwinuko, na aliyetaka kupumzika alipumzika. Hatukumhesabia vituo. Mwezi wa pili tuliongeza mchezo wa jioni kabla ya giza. Watoto wa Kampala wanao mchezo uitwao kwepena, ambao wenzetu wa Tanzania huuita rede: wawili husimama ncha mbili wakirushiana mpira wa matambara, na aliye katikati hukwepa huku akijaza chupa mchanga. Mtoto mnene hulengwa kwa urahisi akiwa katikati. Lakini mpwa wangu akiwa mrushaji, mpira wake ulikwenda kama jiwe la kombeo. Tulipoleta kamba ya kuvutana, kila upande ulimtaka yeye. Siku hiyo jina la Kifaru lilitamkwa kwa heshima.

Hilo ni jambo ambalo wazazi wanapaswa kulitumia. Nchi yetu imejaa sifa za wakimbiaji, na ni haki yao. Polisi walitupa John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia wakati ule. Magereza walitupa Stephen Kiprotich, mshindi wa marathoni ya Olimpiki London mwaka 2012. Polisi tena wakatupa Joshua Cheptegei, mshindi wa mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024. Lakini mtoto mzito akisikia wakimbiaji tu, atadhani hakuna mahali pake. Mwonyesheni kwamba kuna kutupa, kuvuta, kusukuma, mieleka, kuogelea na kuendesha baiskeli. Katika hiyo, uzito ama humfaa ama haumsumbui sana. Baiskeli na maji huyapunguzia magoti mzigo. Aonje kwanza ladha ya kushinda jambo moja. Miguu itapata wepesi wake baadaye.

Kambi zetu zina utajiri mwingine. Nyumba ya kwanza ni ya Waacholi, ya pili ni ya Waiteso, ya tatu ni ya Wanyoro, ya nne ni ya Baganda. Kwa hiyo larakaraka, akogo, runyege na baakisimba zote ziko mlango kwa mlango. Acheni watoto wafundishane. Ngoma ya nusu saa ni mazoezi kamili ya moyo, mapaja na kiuno, wala hakuna mtoto aliyewahi kuumwa tumbo kwa kuitwa ngomani. Kwa mabinti jambo hili lina uzito zaidi. Msichana akikaribia kuvunja ungo huanza kuuonea haya mwili wake, na mara nyingi mpira huachiwa wavulana huku yeye akiitwa jikoni. Apatiwe nguo inayomsitiri na kumwezesha kuruka, na apatiwe saa yake ya kucheza kama kaka zake.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kwa kiasi cha kumtoa jasho, na kwamba angalau siku tatu za juma kuwe na shughuli za nguvu zaidi pamoja na zile zinazoimarisha misuli na mifupa. Dakika hizo si lazima zifuatane. Kumi asubuhi, ishirini za kurudi shuleni, thelathini za mchezo wa jioni, hesabu imetimia. Anayeanza aanze na nusu yake au chini ya hapo, na aongezewe kidogo kila juma. Mvua ikinyesha, chumba kinatosha. Mwezi Aprili 2020, watu walipozuiwa kutoka, Rais Museveni alionekana katika filamu akikimbia na kujisukuma juu kwa mikono yake ofisini mwake. Kuruka kamba, kupanda ngazi na kucheza muziki wa redioni kunafaa vilevile.

Namna ya kupima mwendo askari wanaijua tangu zamani, nayo ni wimbo wa mchakamchaka. Mtoto anayeanza akishindwa kuitikia wimbo, mwendo ni mkali mno, upunguzwe. Akishapata pumzi kwa miezi kadhaa, ndipo mara kwa mara aongezewe mwendo hadi aweze kuzungumza lakini asiweze kuimba. Avae raba zinazomkaa vizuri. Mapaja yanayosuguana yapakwe mafuta ya mgando, maana watoto wengi huacha michezo kwa sababu ya vidonda ambavyo huona haya kuvitaja. Maji ya kunywa yawe karibu, na jua la saa sita liepukwe.

Zipo dalili ambazo hazitaki ushupavu. Mtoto akiumwa kifua au kuzirai mchezoni, au akikohoa na kubanwa pumzi kila akimbiapo, asimamishwe, apelekwe kwa daktari. Akianza kuchechemea na kulalamika nyonga au goti, asiambiwe avumilie. Kwa kijana mzito, kichwa cha mfupa wa paja huweza kuteleza kwenye nyonga, na maumivu yake mara nyingi husikika gotini. Jambo hilo halingoji hadi kesho. Ngozi ya shingo ikiwa nyeusi na nene kama isiyooshwa, sabuni isilaumiwe. Huenda mwili umeanza kushindwa kuitumia vizuri homoni inayodhibiti sukari, na daktari anapaswa kuona.

Kuhusu chakula nitasema machache. Jasho la nusu saa halifuti soda inayonywewa baada yake, kwa kuwa soda nyingi za chupa ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba hivi. Maji yawe ndiyo malipo ya mchezo. Matoke, viazi vitamu, maharagwe, dodo, samaki na matunda ni chakula chema; chapati na mayai ya rolex ya njiani yawe ya siku moja moja. Wote nyumbani wale chakula kilekile, kwani mtoto mmoja akitengewa sahani yake ya "mnene", chakula nacho kimekuwa adhabu. Na alale. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 11 za usingizi, na simu isilale kitandani pamoja naye.

Msitarajie mwujiza wa mizani. Baada ya mwaka mmoja mpwa wangu alikuwa ameongezeka kilo chache na kurefuka kwa kiasi cha kuonekana mlangoni. Hata leo ni mkubwa kuliko wenzake, na huenda akabaki hivyo. Lakini anaupanda mwinuko wa kambi akizungumza, anakoroma kidogo kuliko zamani, na daktari aliridhika na kipimo chake cha damu. Maumivu ya tumbo ya Ijumaa yalikwisha katika muhula wa pili. Hata kama mizani isingebadilika kabisa, moyo na mapafu yaliyozoezwa yangekuwa faida tosha.

Nina ombi moja kwa maafande wenye mamlaka katika kambi zetu. Kila kambi ina uwanja wa gwaride, ambao jioni mara nyingi hukaa mtupu. Kuanzia saa kumi na moja hadi jua linapotua, uwanja huo ufunguliwe kwa watoto wote, wembamba na wanene, wavulana na wasichana, bila filimbi na bila amri. Awepo askari mmoja wa zamu kuwalinda, wala asiwapange mistari. Na baba aliyerudi kazini mapema avue buti, aingie katikati ya kwepena, akwepe mpira pamoja na watoto wake. Akipigwa, atoke nje kama wengine.